Mshamba ni Nani?

Mnasema gari la klachi ni la washamba. Sawa basi. Mvua ya Aprili ikinyesha, ingieni barabara za ndani za Maasai Mara, kwenye ule udongo mweusi, na hako kagari kenu ka foleni ya Thika Road. Land Cruiser za 70, zinazoundwa tangu 1984, zina kijiti cha pili kando ya gia. Ukikivuta, magurudumu yanapunguza mwendo, nguvu inaongezeka. Kwenye mteremko, injini ndiyo inashikilia gari, breki hazichemki. Ndizo zinazogeuzwa ambulensi, na mama mwenye uchungu anafika hospitali. Skrini kubwa haimtoi mtu kwenye matope. Mimi nasema asiyejua klachi asipewe leseni. Siku ukikwama, utamwita nani? Huyo huyo mshamba.