Jina juu ya mulango wa labo

Ndugu zangu wanafunzi, siku ya ine tulibishana kabisa sisi ba mwaka wa sita. Tulitafuta jina la kuandika juu ya mulango wa labo. Mimi nikasema: Joseph Everett Dutton. Mwenzetu moja akaruka: «Ule muzungu wa Léopold? Hapana!»

Basi musikilize kwanza. Dutton alizaliwa Uingereza mwaka 1874. Kule Gambia, katika 1901, alitambua tripanosoma ndani ya damu ya mugonjwa. Kiisha wengine wakaonyesha kama kale kadudu njo kanaleta ugonjwa wa usingizi. Mwaka 1903 Shule ya Liverpool ya magonjwa ya inchi za joto ikamutuma huku Congo, pamoja na Todd, mutu wa Kanada.

Kule Stanleyville, leo Kisangani, walichunguza kimputu, kenye kujificha mu mavumbi ya nyumba na kuuma bantu usiku. Kanaleta homa yenye kurudia-rudia. Kule Uganda, Ross (si ule wa malaria) na Milne walitangulia kusema vile katika 1904. Lakini Dutton na Todd waliona neno lingine: hata bitoto bya kimputu, bikitoka tu mu mayai, binaweza kuambukiza nyani. Ni kusema, ukiua bikubwa tu, kazi haijaisha.

Ile homa ikawashika wao wawili. Todd akapona. Dutton akafa tarehe 27 Februari 1905, na miaka 30, pale Kasongo. Kasongo, wenye wanasema Kiswahili sawa sisi! (Kizuri kupita chetu, lakini tuache.)

Mwenzetu ana haki kidogo. Njia ya Dutton ilikuwa ya Serikali ya Léopold, na wale waliotoa damu yao hatuwajui hata jina. Kiisha, wagonjwa walitengwa kwa nguvu. Sikatai. Lakini Dutton hakukaa mbali na ile ugonjwa.

Kwa hiyo mimi nataka majina mawili. La pili ni la munganga Victor Kande, mutu wa kwetu, aliyeongoza kazi ya kujaribu fexinidazole, dawa ya kumeza iliyokubaliwa katika 2018. Zamani, ugonjwa ukifika mu ubongo, walipiga shindano ya dawa yenye arseniki, na wengine walikufa na ile dawa.

Rangi iko, burosi iko. Tutachagua siku ya tano kiisha sala ya asubui. Ninyi ba mwaka wa tatu, mukuje pia, lakini bila makelele.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita