Usaili au kibarua cha bure? Madevelopa tufunguke

Wengi mmeniuliza ile kazi niliyoiomba imeishia wapi. Jibu fupi: kazi nilifanya, ila sikuajiriwa. Ngoja nifafanue, maana naona hii ishu si yangu peke yangu.

Kampuni moja hapa Dar (sitaitaja) ilitangaza nafasi ya kuandika programu. Nikatuma maombi, kesho yake nikajibiwa. Nikafurahi kweli. Wakasema kabla ya kuonana kuna "zoezi dogo" la kufanyia nyumbani: mfumo wa kupokea oda za wateja, kuhakiki malipo ya simu na kumtumia mteja ujumbe wa kuthibitisha. Nimalize ndani ya siku tano. Jamani, hilo ndilo dogo? Nikakesha. Bando nilinunua mara tatu, umeme ukakatika usiku wa pili, siku ya mwisho nikamalizia kwenye kafe ya mtaani mpaka jamaa akaanza kuzima kompyuta moja moja. Nikatuma kwa wakati.

Kimya. Nikaandika kuulizia. Kimya tena.

Miezi miwili baadaye mshkaji wangu akanunua kitu kwenye tovuti yao, akanionyesha ujumbe aliotumiwa. Maneno yalikuwa yangu, mpaka kosa langu: "yamethibitshwa", ile "i" niliyoisahau saa nane za usiku. Nikapiga simu. Dada wa mapokezi akasema mhusika yuko kwenye kikao. Nadhani kikao hicho kinaendelea mpaka leo.

Sasa tuwe wakweli, si kila anayetoa zoezi ni mwizi. Waajiri nao wana shida yao. Mwaka 2007 huko kwa wenzetu ulivuma mtihani unaoitwa FizzBuzz: andika namba 1 hadi 100, inayogawanyika kwa 3 weka Fizz, kwa 5 weka Buzz, kwa zote mbili weka FizzBuzz. Ni kitu cha dakika chache, lakini waajiri walilalamika kwamba waombaji kibao wenye vyeti walikuwa wanachemsha. Kwa hiyo kutaka kumpima mtu kwa vitendo siyo dhambi.

Na njia nyingine nazo zina matatizo yake. Google walijulikana kwa mafumbo ya kuumiza kichwa, mpaka mwaka 2013 mkuu wao wa masuala ya wafanyakazi, Laszlo Bock, alipokiri kwamba mafumbo yale yalikuwa kupoteza muda. Kuna pia mtindo wa kusimamishwa ubaoni huku mabosi wanakutazama. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu inayotumiwa na madevelopa wengi sana, alisema Google walimkataa kwa sababu ya swali la ubaoni. Mwaka 2020 watafiti wa North Carolina State University na Microsoft waliwapima watu 48: kundi moja lilifanya swali huku linatazamwa, lingine faragha. Waliotazamwa matokeo yao yalishuka kwa zaidi ya nusu. Yaani ubao unapima woga kuliko akili.

Ndiyo maana zoezi la nyumbani lilionekana mkombozi: unakaa kwako, unafanya kwa nafasi. Safi. Lakini nyumbani kwa nani? Mwenye laptopu yake, umeme wa uhakika na intaneti ya mwezi mzima anafanya kwa nafasi kweli. Wewe unayelipia kompyuta kwa saa, kila saa ya zoezi inatoka mfukoni kwako. Dada mwenye mtoto mgongoni naye siku tano za kukesha anazitoa wapi? Mwajiri yeye hapotezi kitu, hivyo anawagawia watu hamsini kama njugu.

Halafu tangu ChatGPT ije Novemba 2022, zoezi la siku tano halithibitishi tena kwamba aliyetuma ndiye aliyeandika. Waajiri wenye akili wanatoa zoezi fupi, kisha wanakuita ueleze ulichofanya na kwa nini. Hilo mimi naliunga mkono.

Kuna hatari nyingine, hapa naomba msome taratibu. Novemba 2023 watafiti wa usalama wa Palo Alto Networks walifichua utapeli walioupa jina Contagious Interview. Wahalifu wanaohusishwa na Korea Kaskazini wanajifanya waajiri, wanakuita kwenye usaili, wanakupa programu uipakue na kuiendesha kama sehemu ya mtihani. Ndani yake kuna kirusi kinachoiba nywila na pesa za kidijitali. Ukiiendesha kwenye kompyuta ya kafe, umewaingiza mkenge wote watakaokaa hapo baada yako.

Kwa hiyo tufanyeje? Mimi sasa hivi kabla ya kugusa zoezi lolote nauliza maswali manne kwa barua pepe: litachukua saa ngapi, nani atalisahihisha, nitajibiwa lini, na nikikosa kazi, mtaitumia programu yangu? Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta pia, na haki inaanza pale unapoandika, huhitaji kusajili kwanza. Weka jina lako na tarehe ndani ya faili, tunza barua pepe zote. Zoezi likizidi siku moja, omba malipo. Wakikasirika, basi umeshawajua mapema. Na programu ya mtu usiyemjua usiiendeshe kwenye mashine yenye vitu vyako, wala ya kafe.

Najua mtasema "mwenye njaa hachagui". Kweli, na mimi njaa ilinifanya nikubali. Ila tukikubali wote, siku tano zitakuwa kumi.

Mwenye kisa chake akiweke hapo chini, waajiri nanyi karibuni mjitetee. Majina ya kampuni msiweke kama huna ushahidi, nitafuta. Nawasilisha.