Laiti Haijengi Jahazi

Nina ugomvi na neno moja: laiti.

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tangu hapo, kila ifikapo siku hiyo nasikia kilio kilekile: laiti tungekuwa na istilahi za kutosha, laiti vijana wangesoma mashairi, laiti msamiati wa wazee usingepotea. Makofi hupigwa, kisha kila mtu hurudi kwake.

Wapo watakaonijibu kwamba tamaa njema ndiyo mbegu ya tendo. Sikatai. Lakini mbegu isiyofukiwa huliwa na wadudu ghalani. Tena matamanio yana hila: humfariji anayeyasema, akadhani kusema kwake ni kazi tayari.

Sheikh Kaluta Amri Abedi hakukaa akitamani kanuni za vina na mizani zipate mwandishi. Aliziandika mwenyewe, na mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kikatoka. Shaaban Robert alikuwa karani serikalini. Hakungoja kuuacha ukarani ndipo ashike kalamu yake.

Nami sijitoi katika lawama. Mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi. Ujanani nilimsikia akivitaja viungo vya chombo kimoja kimoja, tangu mkuku na mataruma hadi foromali. Hata namna za kukalafati alizipa majina. Kwa miaka thelathini ya ualimu nilisema, "Laiti ningepata nafasi, ningeyaandika." Likizo zilikuja zikapita. Nilipostaafu na kununua daftari, mjomba alikuwa ameshazikwa. Leo nakumbuka maneno yasiyofika ishirini, na mengi kati ya hayo yamo kamusini tayari. Yale yasiyokuwamo amekwenda nayo.

Sarufi yetu yenyewe yatufunza. Kiambishi -nge- husimulia lisilokuwapo. Amri haihitaji ila kitenzi kitupu: uliza, andika, tunga. Basi kesho asubuhi mwendee mzee mmoja, awe mvuvi, msusi au mhunzi, umwulize majina ya zana zake, uyaandike mbele yake. Mtaka cha mvunguni huinama. Hakai kitandani akiusifu mvungu.