TUTEMBEE DUNIANI: Mulango wa madini juu ya bahari



Mwezi huu ukurasa wetu unawapeleka mbali, kwenye kisiwa cha Sardinia, inchi ya Italia, katikati ya Bahari ya Mediterania. Watalii wengi wanakwenda kule juu ya jua na maji ya buluu. Siye tutapita upande wa kusini-magharibi, pale milima inaangukia baharini. Juu ya nini upande ule? Juu watu wa pale ni watoto wa mine, sawa siye. Babu zao walichimba zinki na risasi (ile ya kutengeneza betri ya motokari) kwa miaka mingi. Tuvae viatu vizuri, safari ni ya siku moja.

Asubuhi tunaanzia muji wa Iglesias. Kwa Kispanyola jina hilo ni "Makanisa", na kweli makanisa ya zamani ni mengi mule. Lakini mbele ya kufika baharini, kiongozi wa safari anasimamisha gari na kuonyesha kilima chekundu pale Monteponi. Mugeni anasema: "Udongo muzuri namna gani!" Hapana, si udongo. Ni matope yaliyobaki kisha kutengeneza zinki. Mutu wa Lubumbashi hahitaji kufasiriwa sana. Terili yetu anaijua tangu utoto.

Sasa tunashuka Nebida. Njia ya miguu inazunguka mulima, bahari iko chini kabisa. Mbele yetu mwamba mweupe unasimama peke yake ndani ya maji, urefu wake metre 133. Wanauita Pan di Zucchero, maana yake Mukate wa Sukari. Pembeni ya njia kuko kuta na matao ya nyumba kubwa isiyokuwa na paa tena. Ilijengwa mwaka 1897 kwa kuosha na kuchagua mawe ya madini. Katika mine za Sardinia kazi hiyo ya kuchagua mawe ilikuwa hasa ya wanamuke na watoto, na mushahara wao ulikuwa mudogo kuliko wa wanaume. Watalii wanapiga picha ya bahari kupitia madirisha ya ile nyumba. Picha ni nzuri. Lakini mama mumoja wa Kolwezi au Likasi angekumbuka kwanza mikono ya wale watoto.

Tunaendelea mpaka Masua, pale Porto Flavia. Huko huwezi kuingia bila kiongozi, na kila mutu anavaa kaske. Musikilize vizuri habari ya pale. Zamani, wanaume wa muji wa Carloforte walibeba madini ndani ya vikapu, juu ya mabega, kutoka pwani mpaka kwenye mashua za tanga. Mashua zikavuka mpaka kisiwa chao, na kule wakapakia tena muzigo ndani ya meli kubwa. Kazi ilikuwa nzito, na wakati wa upepo ilikuwa ya hatari.

Kisha vita ya kwanza ya dunia, kompani moja ya Ubelgiji, Vieille-Montagne, ikanunua mine ile. Enjinia wake Cesare Vecelli akatoboa mulima wenyewe. Alichimba njia mbili, moja juu ya ingine, kila moja karibu metre 600. Katikati yao akachimba mashimo tisa makubwa ndani ya mwamba, kama depo, yenye kuweza kupokea tone 10.000. Njia ya juu ilileta madini na kuyamwanga ndani ya mashimo. Njia ya chini iliyapeleka kwa mukanda mpaka kwenye mulango katikati ya mwamba, na pale yakaanguka moja kwa moja ndani ya meli. Kazi ilianza mwaka 1924, na enjinia akapaita pahali pale jina la binti yake Flavia. Kikapu hakikuhitajiwa tena. Na wale wabebaji wa Carloforte? Mashini ikawapumuzisha mabega, lakini ikawaondolea mukate vilevile.

Jambo moja litawashangaza: mwaka 1989, Vieille-Montagne iliungana na Union Minière. Ni ile Union Minière iliyofanya kazi Katanga tangu mwaka 1906, mpaka inchi yetu ilipochukua mine na kuunda kompani yake, inayoitwa leo Gécamines. Basi, Sardinia na Katanga si mbali sana sawa tunavyofikiri.

Kisha chakula cha muchana tunafika Buggerru, muji mudogo kati ya milima na bahari. Kompani ya Wafaransa ilitawala mine ya pale. Mwaka 1904, mukubwa wa mine alitaka kukata saa moja ya mapumuziko ya muchana, wakati jua lilikuwa bado kali sana. Wafanyakazi walikataa, wakafanya grevi. Tarehe 4 ya mwezi wa 9, askari waliwapiga risasi. Watu watatu waliuawa, wengine wakajeruhiwa. Mwezi ule ule grevi ikaenea Italia muzima. Wazee wetu hawawezi kusikia habari hiyo bila kukumbuka mwezi wa 12 mwaka 1941, pale Élisabethville, wakati wafanyakazi wa Union Minière waliomba mushahara uongezwe, nao wakapigwa risasi.

Jua linashuka sasa, bahari inakuwa kama zahabu. Tuulize basi: mine zilipofungwa, kulibaki nini? Vijana wengi waliondoka, wengine wakaenda kuchimba makaa ya mawe Ubelgiji. Wale waliobaki hawakukubali mashimo yasahauliwe. Mwaka 2001 serikali ya Italia iliweka mbuga ya kulinda mine za zamani. Kisha ikatengenezwa njia ya kutembea kwa miguu, yapata kilometre 500, yenye jina la Mutakatifu Barbara, musimamizi wa wachimbaji, ambaye sikukuu yake ni tarehe 4 ya mwezi wa 12. Wenye kutembea wanalala na kula katika vijiji vya njiani. Si wote waliopata kazi, umaskini ungali uko. Lakini mutoto wa pale anajua babu yake alifanya nini.

Na kwetu? Tuliona Kamoto ikibomoka mwaka 1990, Kipushi ikisimama mwaka 1993, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines wakiacha kazi na feza kidogo mukononi. Leo kazi imerudi pahali pengi. Kipushi ilianza tena kutoa zinki mwaka 2024. Tumushukuru Mungu. Lakini jiwe lina mwisho wake. Matope mekundu ya Monteponi yanatuambia kwamba uchafu wa mine unakaa kuliko mine yenyewe, na ni haki yetu kuuliza nani atausafisha. Na wale wabebaji wa vikapu wanatuambia kwamba kijana asiyejua kazi ingine anabaki mikono mitupu siku mashini inapofika. Papa anayepata mushahara mwezi huu, akate sehemu kwa ajili ya masomo ya watoto, binti na kijana sawasawa, mbele ya kununua televizyo ya pili.

Jioni hii, mukisha kula, musome pamoja kitabu cha Ayubu, sura ya 28. Mule munasimuliwa juu ya watu wenye kuchimba ndani ya mulima, na kunaulizwa hekima inapatikana wapi. Kisha muzungumuze:

1. Ni nani katika jamaa yetu aliyefanya kazi ya mine? Nani ameandika habari zake?
2. Kama mine yetu inafungwa mwaka ujao, tutaishi na kazi gani?
3. Kanisa letu linaweza kufanya nini kwa maji na udongo wa mutaa wetu?

Mpaka mwezi ujao, Mungu awalinde, wale wa juu ya udongo na wale wa chini yake.