Uvimbe wa Farasi Si Wa Kunyamaziwa

Huku Uingereza sisi ni wazima, baridi tu ndiyo inayotutesa. Kila nikipiga simu nyumbani, ami hunicheka: "Umevuka bahari kwenda kuchunga punda wakubwa!" Haya ami, leo nina neno kuhusu hao punda wakubwa.

Mwaka wangu wa kwanza bandani, asubuhi moja nilimkuta farasi jike ana uvimbe chini ya taya, kama ndimu. Kidonda hakuna. Nikajiambia ameumwa na mdudu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Daktari wa wanyama huku akikanyaga tu mlangoni, gharama imeshaanza, na mimi mgeni sikutaka mama mwenye banda anione mwoga. Nikanyamaza.

Siku ya pili farasi hakula, na makamasi mazito yakamtoka puani. Kupima joto, 39.8! Daktari alipokuja akasema ni ugonjwa wa bakteria unaovimbisha tezi za taya na koo mpaka zinatunga usaha. Jina lake kwa Kiingereza limetokana na kunyonga, kwani uvimbe ukizidi humbana farasi pumzi. Nao huambukiza kwa ndoo za maji, hatamu, hata mikono ya mtunzaji. Na mimi siku nzima nilikuwa nimezunguka na ndoo ile ile! Farasi wawili zaidi waliugua, banda likafungwa wiki kadhaa, haingii farasi wala hatoki. Walipona, alhamdulillah, lakini gharama ya kunyamaza ilipita mbali ile niliyoiogopa.

Tangu hapo nina msimamo wangu. Wapo wenye farasi wanaosema "tungoje tuone". Mimi nasema kungoja si kosa, kosa ni kungoja bila kupima. Joto la farasi mzima ni kati ya 37.5 na 38.5, na moyo wake akiwa ametulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Themometa na saa ya mkononi vyatosha. Ukiona uvimbe usioujua, pima, mtenge na wenziwe, mpe ndoo yake, ndipo uamue.

Upo uvimbe wa kungojea. Farasi aliyesimama bandani usiku kucha, miguu ya nyuma yote miwili ikajaa, si ya moto, haimuumi, na akitembezwa inapungua: huyo mwangalie tu. Lakini mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na anachechemea, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akiwa na homa, au amekataa kula.

Na upo uvimbe usiongoja hata saa moja. Kwanza ni wa uso, pua au koo, pumzi zikawa za tabu. Farasi hapumui kwa mdomo kama sisi, pua zikiziba amekwisha. Pili ni uvimbe karibu na kiungo penye tundu la kuchomwa, hata liwe dogo kama la msumari. Uchafu ukiingia ndani ya kiungo, farasi huyo huenda asitembee sawasawa tena.

Najua mtasema daktari ni pesa. Kweli. Lakini kupiga simu kuuliza si sawa na kumwita aje. Eleza uvimbe uko wapi, umeanza lini, joto ni ngapi, naye atakwambia aje au usubiri. Na nyie wenye mabanda, msimgombeze mfanyakazi aliyewaamsha usiku kwa uvimbe uliokuja kuwa si kitu. Mkimgombeza leo, kesho atanyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Nanyi wenye punda huko Lamu, msidhani hili haliwahusu. Maradhi haya ya tezi humpata punda pia, na punda ni mvumilivu, haonyeshi maumivu upesi. Joto lake ni chini kidogo kuliko la farasi, kwa kawaida halipiti 37.8. Lamu ilipata kliniki ya punda tangu 1987, kwa hiyo ami, yule punda wako mwenye uvimbe uliosema "utaondoka wenyewe", mpeleke kesho.

Naomba kutoa hoja. Wasalaam.