Ofisi ya uhusiano ya chuo si ya mkuu wa chuo peke yake

Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma siku 49 mwaka 2025, Septemba 17 hadi Novemba 5, wakidai shilingi bilioni 7.9. Mzazi wa Likoni au Lamu mwenye mwana Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa na swali moja: abaki huko nikimlipia chumba, au arudi nyumbani?

Kulijibu ni kazi ya ofisi ya uhusiano na mawasiliano. Lakini katika vyuo vyetu vya umma, ofisi hizi hutuonyesha zaidi mahafali, wageni na mikataba ikitiwa saini. Habari nzito tunaziokota WhatsApp.

Wa Kawangware hupanda matatu hadi University Way akaulize mwenyewe. Wa Pwani, nauli pekee humtoa jasho.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba, humruhusu raia kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kulipia ombi. Taasisi ya umma ina siku 21 kujibu. Ikikataa, mlalamikie Ombudsman.

Hata hivyo, siku 21 ni nyingi kwa mwanafunzi anayelipa kodi ya nyumba bila kusoma. Afisa uhusiano hulipwa kwa ushuru na karo zetu. Kumsifu mkuu wake si dhambi, ila majibu yetu yatangulie. Mficha uchi hazai.

Wazazi, andikeni barua. Kiswahili chenu kinatosha.