Mchokonozi wa Kompyuta Si Adui wa Kambi

Karibu kila kambi na kila kituo cha polisi hakikosi kijana mmoja ambaye saa zake za mapumziko huzitumia kufungua kompyuta kuukuu, akichomoa hiki na kupachika kile, akiondoa programu aliyoikuta na kuweka nyingine, na mwishowe kuwaita wenzake waje wacheze mchezo ambao jana ulikataa kufunguka. Wenzake humwita mchokonozi. Wakubwa wake nao humtazama kwa jicho la mashaka, wakisema kwamba anapoteza wakati, anaharibu mali, au kuna jambo analolitafuta humo ndani. Sisi tunaamini kwamba lawama hizo zimemwangukia asiyestahili, hali anayestahili hupita langoni kila siku bila kuulizwa neno.

Inafaa kukumbuka kwamba kompyuta ya nyumbani ililelewa na watu wa namna yake. Mashine ya Altair 8800, iliyotangazwa Marekani mwezi Januari 1975, wanunuzi wengi waliipokea ikiwa vipande na kuiunga wenyewe mezani. Haikuwa na kioo wala kibao cha herufi. Mtu aliiamrisha kwa swichi na kusoma majibu katika taa ndogo ndogo. Na ugomvi wa kunakili haukukawia. Mwezi Februari 1976, Bill Gates, aliyekuwa na umri wa miaka 20, aliwaandikia waziwazi wapenzi wa mashine hizo akilalamika kwamba wengi wao walikuwa wakiitumia lugha ya BASIC, ambayo yeye na wenzake waliitengeneza kwa jasho lao, bila kuilipia. Waliosoma barua ile walikasirika. Nusu karne imepita na ugomvi ungali pale pale.

Katika ugomvi huo hatuna haja ya kuficha msimamo wetu. Mwenye kazi ana haki ya jasho lake, na askari wa polisi ambaye kesho huenda akatumwa kukamata diski za wizi hana uso wa kuingia katika duka la mtu iwapo mfukoni mwake mna flashi iliyojaa filamu za namna ile ile. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na Kenya na Tanzania nazo zina sheria zao. Lakini si kweli kwamba kila kunakili ni wizi. Wako watunzi waliotoa kazi zao kwa ruhusa ya kunakiliwa, kama mfumo wa Linux, ulioanza mwaka 1991, ambao mtu yeyote aweza kuuchukua, kuufungua, kuubadili na kumpa jirani yake.

Hata katika michezo ruhusa hiyo imewahi kutolewa. Mchezo wa Doom ulipotoka mwezi Desemba 1993, watengenezaji wake waliitoa sehemu ya kwanza bure, wakawahimiza watu wapeane; aliyeipenda ndiye aliyenunua zilizobaki. Tena waliuacha mchezo wao wazi kiasi cha wachezaji kuweza kuubadili. Basi mwaka 1996 wanajeshi wa Marine wa Marekani waliuchukua mchezo wa Doom II, wakaondoa mazimwi, wakaweka askari, mahandaki na silaha zinazofanana na zao, na kuutumia kufundisha jinsi kikundi cha watu 4 kinavyosogea na kulindana. Hapa tungewaomba maafande watue kidogo. Chombo hicho cha mafunzo kilitoka katika uchokonozi ule ule ambao kwetu humletea kijana karipio.

Hatari ipo, wala hatuidharau. Ila makao yake ni kwingine. Mwaka 1986, ndugu wawili wenye duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistan, walitunga virusi vilivyojulikana kwa jina la Brain, wakaweka ndani yake majina yao, anwani na simu ya duka. Walieleza baadaye kwamba nia yao ilikuwa kuwabana walionakili programu yao bila idhini. Virusi hivyo havikuhitaji miguu. Vilisafiri ndani ya diski zilizopitishwa mkono kwa mkono, vikafika nchi ambazo wenyewe hawakuzifikiria.

Miaka 22 baadaye njia ilikuwa ile ile, ila mzigo ulikuwa mzito zaidi. Mwaka 2008 flashi moja ilichomekwa katika kompyuta ya jeshi la Marekani kwenye kituo kimoja cha Mashariki ya Kati. Programu iliyofichwa ndani yake ilienea katika mitandao ya jeshi, hata ile ya siri, na mwezi Novemba mwaka huo wizara ya ulinzi ya nchi hiyo ikapiga marufuku flashi zote. Kusafisha kulichukua zaidi ya mwaka mmoja. Jeshi lenye fedha kuliko majeshi yote duniani lilifikwa na hayo kwa kitu kinachotoshea katika kiganja cha mtoto.

Tuangalie jinsi ilivyokuwa. Kompyuta za siku hizo zilikuwa na desturi ya kutekeleza zenyewe amri zilizomo ndani ya flashi mara tu inapochomekwa, kabla mtu hajauliza amri hizo ni za nani. Kuzima desturi hiyo ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo mchokonozi hufanya katika mashine yake. Asiyejua hakuizima, kwa sababu hakujua kwamba ipo. Na asiyejua ndiye sisi tulio wengi: aletewaye filamu na rafiki, akaichomeka katika kompyuta ya ofisi kwa kuwa kioo chake ni kikubwa.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba ujuzi haumfungi mtu ulimi. Mwaka 2021 mchezaji mmoja wa War Thunder, mchezo wa vita vya vifaru, aliweka hadharani kurasa za kitabu cha siri cha kifaru cha Challenger 2 cha Uingereza, ili tu kushinda ubishi kwamba kifaru hicho hakikuchorwa sawasawa. Mwezi Aprili 2023 alikamatwa Jack Teixeira, kijana wa miaka 21 wa kikosi cha anga cha akiba cha Massachusetts, aliyekuwa akihudumia kompyuta za jeshi. Alikuwa amewamwagia siri za nchi yake marafiki aliokutana nao kwa ajili ya michezo, na mwezi Novemba 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Majigambo ya namna hiyo yalikuwako katika vilabu vya pombe kabla kompyuta haijazaliwa, na dawa yake ni nidhamu. Kufunga kompyuta kabatini hakutayaponya.

Marufuku peke yake nayo haidumu. Wamarekani wenyewe walilegeza marufuku yao mwezi Februari 2010, kwa kuwa kazi zilikuwa zikikwama. Kwetu, ambako mtandao hukatika na ripoti hubebwa kwa flashi kutoka kituo hadi kituo, amri ya namna hiyo itavunjwa siku ile ile itakaposomwa paredi.

Kwa hiyo tunawaomba makamanda na wakuu wa vituo wamwite kijana huyo ofisini, na safari hii isiwe kwa karipio. Apewe kompyuta moja isiyounganishwa na mtandao wowote wala na mashine nyingine, na iamriwe kwamba flashi yoyote itokayo nje, iwe ya afande au ya kuruta, ipite kwanza mikononi mwake ikaguliwe. Saa za jioni awafundishe wenzake wawili au watatu, ili atakapohamishwa kazi isilale. Hakuna haja ya kununua mashine mpya. Ile iliyofutwa katika daftari la mali mwaka jana, ambayo huenda yeye mwenyewe amekwisha kuifufua, inatosha.